Makala imenukuliwa mara mamia: je, tuuze shamba tuifuate mashine ya ini?

"Daktari, shikamoo. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi wilayani Rungwe. Kaka yangu, miaka 43, amelazwa Mbeya, hii ni wiki ya pili. Tangu 2016 anajua ana virusi vya homa ya ini B ila hakuwahi kuanza dawa. Wiki hii ndiyo wamemwanzishia tenofovir. Macho yamekuwa ya njano, tumbo limejaa maji, na juzi usiku alianza kuongea vitu visivyoeleweka. Madaktari wanasema ini limeshindwa. Mtoto wa shangazi anayesoma chuo Iringa ametutumia makala ya kitaalamu ya mwaka 2000 kuhusu mashine ya kusafisha damu badala ya ini, inaitwa MARS. Anasema watafiti wameinukuu mara mamia na wasomi wote hao hawawezi kukosea. Baba mdogo ameshapata mteja wa shamba letu la parachichi, ekari tatu, ili tumpeleke India akawekwe kwenye mashine hiyo. Mimi na mama tunasita. Je, makala kunukuliwa sana si ushahidi kwamba tiba inaponya? Na mbona Mbeya mashine za figo zipo, ya ini haipo? Ndaga fijo."

Marahaba, mwalimu. Poleni sana, na mama mfikishie pole yangu. Barua yako ina maswali mawili yaliyofungwa fundo moja: la uhai wa kaka yako, na la namna ya kujua wasomi wanasema nini hasa wanapotajana. Nitayafungua yote mawili, ila kuna jambo halingoji.

Hayo maneno yasiyoeleweka ya juzi usiku mwelezeni daktari wa wodi leo, hata kama mnadhani anajua. Ndugu anayekesha kando ya kitanda huona mambo ambayo daktari anayepita asubuhi hayaoni: mgonjwa anayelala mchana na kukaa macho usiku, viganja vinavyopepesuka akinyoosha mikono mbele, baba anayesahau jina la mwanawe. Mara nyingi kuchanganyikiwa kwa mgonjwa wa ini kuna kichocheo chake: maambukizi kwenye maji ya tumboni, damu inayovuja ndani, choo kigumu, dawa ya usingizi, au maji na chumvi kupungua mno kwa sababu ya dawa za kukojoza. Ulizeni kama maji ya tumboni yamevutwa kwa sindano yakapimwa. Seli nyeupe za kupambana na bakteria zikifika 250 kwa kila milimita moja ya ujazo, dawa ya kuua bakteria inaanza siku hiyohiyo. Hakuna hata kimoja katika hivyo kinachohitaji ndege.

Sasa nije kwa kijana wa Iringa. Simlaumu hata kidogo. Katikati ya taharuki ametafuta maandishi badala ya uvumi. Kosa lake nililifanya mimi mwenyewe nikiwa daktari kijana: amehesabu watu waliokitaja kitu, akadhani amehesabu watu waliokithibitisha.

Fika sokoni Uyole msimu wa viazi, uulize bei ya gunia kwa madalali kumi. Wote wanaweza kukutajia bei moja, nawe ukaondoka na uhakika moyoni. Kaa nao kwa chai, waulize bei hiyo wameipata wapi. Tisa wameisikia kwa wa kumi, na wa kumi ameisikia kwa dereva mmoja wa Fuso aliyerudi juzi kutoka Dar es Salaam. Huenda dereva anasema kweli. Lakini zile sauti tisa hazikuongeza hata punje kwenye ukweli wake. Ulidhani una mashahidi kumi, kumbe unaye mmoja.

Nukuu za kitaalamu zina tabia hiyohiyo. Mtafiti anapoandika, hutaja kazi za wenzake kwa sababu nyingi. Mwingine anaitaja makala kwa kuwa ndiyo ya kwanza kueleza mashine, kama heshima kwa aliyetangulia. Mwingine anaitaja kwa kuwa ametumia vipimo vilevile. Mwingine anaitaja ili aipinge, na upinzani wake unaongeza hesabu sawasawa na sifa. Wengi, na hawa ndio wanaoifanya hesabu ivimbe, wanaitaja kwenye aya ya kwanza ya utangulizi, pale panapoandikwa kwamba "mashine hizi zimeleta matumaini," kisha zinapangwa namba nne tano za marejeo, mara nyingi zilezile alizozikuta kwenye makala ya mtu mwingine. Umri nao una mchango: makala ya mwaka 2000 ina miaka kumi na mitatu zaidi ya kukusanya nukuu kuliko ya mwaka 2013, hata kama ya 2013 ndiyo iliyopima wagonjwa wengi.

Jambo hili limepimwa. Mwaka 1980 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha barua fupi yenye sentensi tano, iliyosema kwamba wagonjwa wa hospitalini wanaopewa dawa kali za maumivu za jamii ya afyuni ni nadra kupata uraibu. Mwaka 2017 watafiti walihesabu nukuu za barua hiyo wakapata 608. Zaidi ya saba katika kila kumi ziliitumia kama ushahidi kwamba dawa hizo ni salama, na nyingi zaidi ya hizo hazikutaja kabisa kwamba wagonjwa wenyewe walikuwa wamelazwa hospitali, chini ya uangalizi. Sentensi tano zilibebwa mgongo kwa mgongo kwa miaka thelathini na saba, na Marekani wakazika watu wengi mno kwa dawa hizo. Mwaka huohuo 2017 wengine walikusanya tafiti zilizochunguza tabia ya kunukuu, wakakuta makala yenye matokeo yanayoonyesha tofauti dhahiri hunukuliwa mara 1.6 zaidi ya ile isiyoonyesha, na makala ambayo mwandishi wake anatamka kwamba dhana yake imekubalika hunukuliwa mara 2.7 zaidi. Habari njema ina miguu. Habari ya "tumejaribu, haikusaidia" hukaa nyumbani.

Ili uone kwa nini hilo linagusa mashine za ini kuliko vifaa vingine vingi, nikueleze kwanza mashine yenyewe, na hapo swali lako la mashine za figo litajibika.

Figo kazi yake kubwa ni kuchuja. Taka zake nyingi huyeyuka majini, hivyo ukipitisha damu kando ya utando wenye vitundu vidogo na maji safi upande wa pili, taka zinavuka zenyewe. Mashine ikifanya hivyo mara tatu kwa wiki, mtu anaweza kuishi miaka. Ini si chujio. Ini ni jiko la nyumba nzima. Linatengeneza protini za kugandisha damu, linatengeneza albumini, protini inayobeba vitu ndani ya damu, linageuza amonia inayotoka tumboni kuwa urea, linahifadhi sukari ya kutumika usiku, linamwaga nyongo, na linakamata bakteria wanaopenya kutoka kwenye utumbo. Zaidi ya hayo, taka zake nyingi haziyeyuki majini. Zimeshikamana na albumini kama kupe kwenye ng'ombe, na albumini ni kubwa, haipiti kwenye vitundu vya utando wa kawaida.

Hapo ndipo wavumbuzi wa MARS walipotumia akili nzuri sana. Walikuwa Rostock, Ujerumani, na kazi yao ilianza kuchapishwa miaka ya 1990 mwanzoni. Badala ya maji matupu upande wa pili wa utando, waliweka maji yenye albumini safi. Taka zinaiachia albumini ya mgonjwa, zinavuka utando, zinadakwa na albumini ya mashine. Nayo inapitishwa kwenye mkaa maalumu na vichujio vingine, inasafishwa, inarudi kazini. Saa sita hadi nane kwa awamu moja. Baada yake bilirubini, ile taka ya njano ya damu, inashuka, macho yanapungua njano, na wagonjwa wengine akili zinawarudia. Nchini Marekani mamlaka ya dawa iliiruhusu kwa sumu na dawa zilizozidishwa mwaka 2005, na kwa wagonjwa wa ini waliochanganyikiwa mwaka 2012. Kwa hiyo mtu asikuambie ni ulaghai. Mashine inafanya kile ilichotengenezwa kufanya.

Ila angalia ilichotengenezwa kufanya: inazoa taka jikoni. Haipiki. Haitengenezi protini za kugandisha damu, haiui virusi, haioteshi ini jipya. Ukizoa taka za jiko ambalo mpishi amekufa, jiko litang'aa na watu watalala njaa.

Na hii si mara ya kwanza kwa uwanja huu kupitia njia hiyo. Miaka ya 1970 hospitali ya King's College, London, walianza kupitisha damu ya wagonjwa kwenye mkaa, na taarifa za mwanzo zilileta shangwe kubwa. Kisha wao wenyewe wakafanya jambo la kiungwana: wakagawa wagonjwa kwa kura, wengine wapate mkaa na wengine wasipate. Walipochapisha mwaka 1988, miongoni mwa wagonjwa waliokwisha kuzama kwenye koma, walionusurika kwa mkaa walikuwa asilimia 34.5 na bila mkaa asilimia 39.3. Uangalizi wa wodi yao ulikuwa umeboreka sana miaka hiyo, na mkaa ulikuwa umevishwa sifa za wauguzi. Ningependa kila mwanafunzi wa udaktari aijue hadithi hii.

Turudi sasa kwenye makala mliyotumiwa. Kwa maelezo yako nadhani ni ile ya mwaka 2000 iliyotoka kwenye jarida la Liver Transplantation, inayosema mashine imeboresha hali ya wagonjwa wa ini ambao figo nazo zimeanza kuzima. Kama ndiyo, mwambie kijana aifungue aende kwenye matokeo, aache muhtasari. Atakuta wagonjwa kumi na watatu. Nane waliwekwa kwenye mashine, watano hawakuwekwa. Hao watano wote walikuwa wamekufa siku ya saba. Hao wanane, siku ya saba walikuwa wamekufa watano. Siku ya thelathini, sita. Wamebaki wawili. Waandishi walikuwa pamoja na wavumbuzi wa mashine yenyewe, na hilo si dhambi, kwani nani mwingine angeanza? Hawakuficha kitu, kila namba niliyokupa wameiandika wao. Walichoonyesha ni kwamba wagonjwa wa hali mbaya kabisa waliongezewa siku. Kuongezewa siku ni kitu, hasa kama kuna ini linalokuja. Lakini sidhani baba mdogo anataka kuuza ekari tatu kwa siku chache.

Nami niliibeba makala hiyohiyo. Jioni moja nilikuwa na wanafunzi watano hapa Mbeya, mmoja amesimama anasoma kutoka kwenye makala ya mapitio, yaani inayojumlisha tafiti za wengine, kwamba mashine "imethibitika kuongeza uhai." Nikasema, haya, tufuate uzi. Rejea ya sentensi hiyo ilikuwa makala nyingine ya mapitio. Rejea ya hiyo ikawa ya tatu. Ya tatu ilitupeleka kwa wagonjwa kumi na watatu. Kilichoniuma ni kwamba miaka michache kabla yake nilisimama mbele ya darasa jingine nikasema sentensi ileile, kwa sauti ya uhakika, bila kuwa nimeufikia mwisho wa uzi. Sijui wale vijana wameipeleka wapi.

Mwaka 2003 watafiti wa Denmark walikusanya majaribio 12 ya kugawa kwa kura, yenye wagonjwa 483 kwa jumla, wakayachapisha kwenye jarida la JAMA. Jibu lao kuu: vifaa hivi, vikijumlishwa vyote, havikupunguza vifo kwa kiasi cha kuaminika. Ndani yake wakatenga wagonjwa wa aina ya kaka yako, wenye ini bovu la muda mrefu lililoanguka ghafla, na kwa hao wakaona dalili ya vifo kupungua kwa theluthi. Waandishi waliomba majaribio makubwa zaidi kabla ya kuamini. Sasa niambie, mwalimu, mtu anayeandika utangulizi wa makala ya kusifia mashine atainukuu sentensi ipi kati ya hizo mbili? Akinukuu ile ya pili hajasema uongo, na hesabu ya nukuu haionyeshi amechukua ipi.

Majaribio makubwa yaliyoombwa yalikuja. Mwaka 2012 Wajerumani na wenzao walichapisha jaribio la mashine ya kundi hilohilo iitwayo Prometheus, wagonjwa 145: waliofika siku ya 28 ni asilimia 66 kwa mashine na 63 bila mashine. Mwaka 2013 likaja la MARS lenyewe, vituo 19 vya Ulaya, wagonjwa 189: asilimia 60.7 na 58.9. Tofauti hizo ni za bahati ya kura. Bilirubini ilishuka, ndiyo. Kreatinini, taka inayoonyesha hali ya figo, ilishuka, ndiyo. Waliokufa walikuwa karibu sawa pande zote mbili, karibu wanne katika kila kumi. Ufaransa walijaribu kwa ini lililozima ghafla, wagonjwa 102, wengi wakapata ini jipya mapema mno, nusu yao ndani ya saa 16 tu tangu kuorodheshwa, kiasi kwamba mashine haikupata nafasi ya kujulikana. Mashine zenye seli hai za ini ndani yake, za nguruwe mwaka 2004 na za binadamu mwaka 2018, nazo hazikuonyesha faida ya uhai kwa jumla ya wagonjwa waliojaribiwa.

Kwa hiyo jibu la swali lako la kwanza ni hapana. Kunukuliwa sana kunaonyesha makala imepitiwa njia na wengi. Aliyoyakuta kila mmoja njiani inabidi uyasome.

Kijana anaweza kuyasoma bila kuwa daktari, na ningefurahi aifanye kazi hiyo wiki hii badala ya kulia. Afungue makala kwenye Google Scholar, abonyeze pale penye idadi ya walioinukuu, achague zilizochapishwa baada ya 2013, kisha atafute kwenye kila moja sentensi ileile inayoitaja. Aandike kwenye daftari: huyu ameitaja kama historia, huyu ameunga mkono, huyu amepinga, huyu amerudia maneno ya mwenzake. Aangalie na majina: ni watu wangapi tofauti, au ni maabara moja inajitaja? Na aangalie ini la nani linazungumziwa. Wachina wanatumia mashine za ini kuliko sisi wote, kwa kuwa homa ya ini B kwao ni nyingi kama kwetu au zaidi, na wanatumia zaidi njia ya kubadilisha plazma: kutoa maji ya damu ya mgonjwa na kumwekea ya wachangiaji. Wazungu wanaandika zaidi juu ya ini la pombe, na maana yao ya "ini lililoshindwa ghafla juu ya ugonjwa wa zamani" si ile ya Waasia. Makundi haya mawili yanaweza kunukuu ndani ya makundi yao, kila moja likaona dunia nzima imekubaliana nalo.

Kuhusu plazma, nisingefunga mlango. Mwaka 2016 lilichapishwa jaribio la Copenhagen, London na Helsinki, wagonjwa 182, ambapo waliobadilishiwa plazma kwa wingi walitoka hospitali wakiwa hai asilimia 58.7, wengine 47.8. Lakini hao ini lao lilikuwa na afya, likashindwa ghafla. Kaka yako ameishi na virusi miaka. Matokeo ya mmoja hayavai mwingine kama koti la kuazima.

Najua kijana atakuuliza swali moja zuri, kwa hiyo acha nilijibu mapema. Dawa aliyoanzishiwa kaka yako, tenofovir, kwa hali hii hasa ina jaribio la kura la Delhi la mwaka 2011 lenye wagonjwa 27 tu: kumi na wanne walipata dawa, kumi na watatu hawakupata, na baada ya miezi mitatu walioishi ni asilimia 57 kwa 15. Mbona hilo dogo nalikubali na lile la kumi na watatu nalikataa? Kwa sababu sipimi kwa kigezo kimoja. Virusi ndivyo vinavyochoma ini la kaka yako, na dawa inavizima virusi, inagusa chanzo. Jaribio lilihesabu walioishi, halikuishia kwenye rangi ya macho. Tafiti nyingine za dawa za jamii hiyo zinavuta upande uleule. Na hata kama faida halisi ni ndogo kuliko asilimia hizo, ni kidonge kimoja kwa siku, kinapatikana nchini, na madhara yake yanaweza kufuatiliwa. Mashine ilipopata jaribio kubwa, faida ya uhai iliyeyuka. Mambo hayo manne yakikaa pamoja ndipo moyo wangu unatulia. Kwa hiyo ulizeni mawili tu: kipimo cha VVU kimefanyika, maana tenofovir peke yake kwa mwenye VVU hujenga usugu, na dozi imepangwa kulingana na figo zake. Asiiache hata akipata nafuu, kwa kuwa virusi vikiamka mara ya pili ini halitakuwa na akiba.

Sasa shamba. Nitasema kama ningekuwa ndugu yenu: kwa ajili ya mashine peke yake nisingeuza hata mti mmoja wa parachichi. Wewe unatoka Rungwe, unalijua Daraja la Mungu pale mto Kiwira. Lina maana kwa sababu ng'ambo kuna ardhi ya kukanyaga. Mashine ya ini ni daraja, na ng'ambo yake ni mbili tu: ama ini lake mwenyewe lizinduke, ama apandikizwe ini jingine. Upandikizaji ndio unaobadilisha maisha, na kwa huo familia zetu nyingi huenda India, ambako mara nyingi ndugu hutoa kipande cha ini lake nacho kikakua. Hiyo ni mada ya kikao cha ukoo, na ni halali kabisa kuifikiria. Ila kabla ya kusaini hati ya shamba, daktari wenu wa hapa aandike muhtasari wa vipimo, upelekwe kwa hospitali ya huko, nao wajibu kwa maandishi: mgonjwa wa hali hii anafaa kupandikizwa? Anaweza kusafiri akiwa amechanganyikiwa? Nani ndani ya familia anafaa kutoa, ana kundi gani la damu, ana virusi hivyohivyo au hana? Gharama yote ni kiasi gani, pamoja na dawa za maisha baada ya hapo? Wakijibu "mleteni kwanza tumweke kwenye mashine" bila kusema habari ya ng'ambo, baba mdogo arudishe kalamu mfukoni.

Na mwalimu, lazima niseme hili kwa upole lakini nisilifiche. Inawezekana kaka yako asipone, afanyiwe lolote, popote. Mwombeni daktari wake akae na mama na wewe, chumba kilichofungwa mlango, awaeleze anaona nini: bilirubini, INR (kipimo cha kuganda kwa damu), figo, akili, zinapanda au zinashuka tangu alipolazwa. Siku tatu hadi saba za kutazama mwelekeo huo zinasema mengi kuliko siku ya kwanza. Hiyo ndiyo kazi ya ana kwa ana ambayo barua yangu haiwezi kuifanya.

Wakati huohuo kuna mambo ya kitandani. Msimnyime protini kwa kusikia kwamba "inapanda kichwani". Ushauri huo ni wa zamani. Anahitaji gramu 1.2 hadi 1.5 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, kidogokidogo: maharage, mayai, maziwa ya Rungwe, na uji au ndizi kabla ya kulala, kwa kuwa ini lake halina tena sukari ya kumvusha hadi asubuhi. Chumvi iwe kidogo. Akiwa amechanganyikiwa kiasi cha kuweza kupaliwa, msimlishe kwa mdomo bila muuguzi kukubali. Diklofenaki na ibuprofeni asiguse, zinaua figo zilizokwisha kuchoka. Panadol isizidi gramu mbili kwa siku, yaani vidonge vinne, na kwa idhini ya daktari. Ulanzi, komoni, bia, vyote basi. Na ile chupa ya mizizi ambayo najua ipo au inakuja, kwa sababu kila familia inaletewa: kama ameshaipata, mwambieni daktari bila woga jina lake na siku aliyoanza. Atakayewagombeza amekosea yeye, ila taarifa hiyo mpeni.

Akitapika damu, akipata choo cheusi kama lami, homa, mkojo ukipungua sana, au asiamke mkimwita, muiteni muuguzi saa hiyohiyo.

Mwisho, wewe na wengine. Virusi vya B vinakaa ndani ya familia, hasa kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto na miongoni mwa watoto wadogo waliokua pamoja. Mama, wewe, mke wa kaka, watoto wao, baba mdogo, hata kijana wa Iringa, nendeni mpimwe HBsAg, kipimo cha damu kinachoonyesha kama mtu ana virusi hivyo. Chanjo ya utotoni imeingia kwenye kliniki zetu mwaka 2002, kwa hiyo waliozaliwa kabla ya hapo wengi hawana kinga. Asiye na virusi na asiye na kinga achanjwe dozi tatu, leo, baada ya mwezi mmoja, na baada ya miezi sita. Atakayekutwa navyo asifanye kama kaka alivyofanya tangu 2016. Aje na karatasi ya kipimo, na watoto waje na kadi zao za kliniki.